Ombi la Kurudishiwa Ulimbo wa Mapipa Yetu

Mgogoni, Pemba
Jumamosi, 17 Mei 2025

Kwa Mheshimiwa Bi Nadhira,
Mwenyekiti, Kikundi cha Karatasi za Mkono, Mgogoni.

Nakala: Sheha wetu (kwa taarifa tu, si lazima aje).

YAH: KUPOTEA KWA ULIMBO KATIKA MAPIPA YA KUPAUSHIA, NA MADHARA YALIYOTUFIKA SISI WAZEE

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa mzima, sina homa, sijagombana na mtu, na chai nimeshakunywa, usije ukadhani haya ni maneno ya njaa. Pia nakuandikia kwa cheo chako. Ushemeji nimeuweka pembeni kwa leo. Ndugu yangu Seif, mumeo, hana habari na barua hii, na akiisikia nitajua imetoka kwako.

Mimi Mmanga Bakar, umri wangu miaka sitini na saba, ni mkwanguaji wa kwanza wa kikundi hiki tangu siku lilipoteremshwa pipa la kwanza. Wenzangu ni Mzee Ridha, ambaye sikio lake la kushoto halisikii kitu na la kulia husikia linalolitaka, na Bi Mwanawema, mshika mafuta. Jumatatu iliyopita kila mmoja wetu alikabidhiwa barua yenye mhuri, ikitushukuru kwa utumishi wetu na kututakia "mapumziko ya heshima". Alhamisi ijayo ndiyo siku yetu ya mwisho, na tumeambiwa kutakuwa na halua. Kosa letu ni moja: ulimbo umekwisha.

Najua unaijua kazi yetu, lakini malalamiko yasiyoeleza ni manung'uniko tu, kwa hiyo nieleze. Sisi karatasi zetu tunazitoa kwenye miti ya mifenesi, kwa sababu mifenesi ndiyo tuliyojaaliwa. Mti hukatwa vipande, ukachemshwa na magadi katika sufuria la shughuli, ukatwangwa, ukawa rojo la manjano. Rojo hutiwa katika mapipa ya buluu pamoja na dawa ya kupaushia mpaka ling'are. Na hapo ndipo ulimbo, uliokuwa umejikalia kimya ndani ya mti, unapotoka ukaganda kwenye kuta za pipa, kwenye mwiko na kwenye chekecheke. Usipokwanguliwa huingia katika karatasi ukafanya madoa ya kahawia. Basi kila Alhamisi, mapipa yakishamwagwa, sisi watatu tuliingia na vifuu vyetu tukakwangua. Tumefanya hivyo kwa miaka sita, na mpaka majuzi hakuna Alhamisi hata moja tuliyokosa cha kukwangua.

Rajab ya mwaka jana akaletwa Yumna, kijana wa Chake mwenye cheti, aje kutudhibitia ulimbo. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kaja, mwenyeji kapewa barua ya mapumziko. Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Hatuna cha kukwangua. Alhamisi iliyopita tulifika saa mbili asubuhi kama kawaida, vitambaa kiunoni, vifuu mkononi. Pipa la kwanza safi kama sahani ya mgeni. La pili hivyo hivyo. Mzee Ridha aliingiza kichwa chote katika pipa la tatu, akatafuta kwa muda, akatoka akasema, "Yakhe, humu hata harufu hamna." Bi Mwanawema alikuwa keshajipaka mafuta ya nazi mpaka viwikoni, maana ulimbo haushikwi kwa mkono mkavu, na mafuta yale yakawa hayana kazi. Alirudi nayo nyumbani akawapaka wajukuu. Tulikaa mpaka adhuhuri tukiyatazama mapipa. Nimewahi kukaa matangani nikaona watu wamechangamka zaidi kuliko sisi siku ile.

2. Tumevunjiwa heshima kwa jambo la mafuta. Katika kikao cha mwezi uliopita ulisema, mbele ya watu, kwamba kabla ya Yumna "tulikuwa tunabahatisha". Kila mtu alinigeukia mimi. Naomba jambo hili liandikwe upya katika kumbukumbu, kwa haki.

Mtoto yeyote wa Pemba anajua kwamba kabla ya kupasua fenesi unapaka mafuta kisu na mikono, ulimbo usikung'ang'anie. Hatubahatishi hapo, hiyo ni elimu, na tumeirithi. Kwa hiyo Shaaban ya mwaka juzi, kwa nia safi kabisa, nilitia chupa nne za mafuta ya nazi katika pipa la pili pamoja na rojo lake. Kama kisu hakishiki ulimbo kwa sababu ya mafuta, pipa nalo litashikaje? Na kweli halikushika. Hili kikao kililisahau: pipa lile lilitoka safi, miezi mingi kabla Yumna hajajua njia ya Mgogoni.

Ulimbo wote ulikwenda kwenye karatasi, sikatai, na mafuta nayo yakaufuata. Zile karatasi ndizo Fahmi, mchapishaji wa Tibirinzi, alizozitumia kwa kadi za harusi na bahasha zake. Ni kweli kwamba zilikuwa zinaonyesha upande wa pili. Ni kweli kwamba wino haukukubali kukaa mahali pamoja, na jina la bwana harusi likateremka mpaka kwenye mstari wa pilau. Lakini hakuna mwalikwa aliyepata taabu ya kufungua bahasha, yote yalisomeka kwa nje, na hata wasioalikwa walisoma wakaja. Harusi ile ilijaa mpaka majamvi yakaazimwa mtaa wa pili. Tangu Yumna aanze kutoa karatasi zake nyeupe pe, nani kaona harusi iliyojaa vile? Karatasi zilizobaki ziligugunwa na panya wote wa dukani kwa Fahmi, na panya hali kitu kibovu.

3. Poda. Yumna anasema kuna poda ya jiwe lililosagwa, nyeupe, laini, kama ile wanayopakwa watoto wachanga. Ikitiwa katika rojo hujipaka juu ya vitone vya ulimbo, vikawa kama donge lililovingirishwa kwenye unga mkavu: havishikani wenyewe kwa wenyewe, wala havishiki pipa, na ukisuuza vinakwenda na maji. Sina ugomvi na poda. Ugomvi wangu ni nani aliyetumwa kuinunua.

Nilitumwa mimi. Siku hiyo poda ya vipimo, ile ya jiwe, ilikuwa haijafika, Yumna akasema ya mtoto itafaa kwa jaribio. Nikenda Wesha nikaingia dukani kwa Suhaib nikaomba makopo kumi na mbili ya poda ya mtoto. Suhaib akaliacha daftari lake akanishika mkono kwa mikono miwili. "Hongera mzee wangu! Wa kike au wa kiume?" Nikamwambia ni ya mapipa. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele, akasema, "Haya, mapipa. Mungu awakuze hayo mapipa." Mpaka nafika msikitini kusali alasiri, habari ilikuwa imeshafika, imeshavua viatu, imeshakaa safu ya mbele.

Nyumbani nilimkuta mke wangu Bi Shamima amesimama mlangoni na kuku wawili wamefungwa miguu. Watu walikuwa wamewaleta, kwa ajili ya supu ya mzazi. Akaniambia, "Weye Mmanga, mie n'na miaka khamsini na tisa. Hawa kuku wa nani?" Siku mbili nilikunywa chai bila ya sukari na sikuambiwa sababu. Ya tatu ilibidi Yumna aje mwenyewe na gilasi ya rojo, atie poda mbele ya Bi Shamima, akoroge, aonyeshe ulimbo unavyoachia. Bi Shamima aliridhika na akamsifu sana mtoto wa watu. Mimi sikuombwa radhi mpaka leo. Kuku tuliwala, maana kurudisha zawadi ni dharau.

4. Kisima. Kisima cha kikundi kilichimbwa na babu yangu mzaa baba, kwa mikono yake. Yumna alichota maji yake katika chupa, akatia sabuni, akatikisa. Povu halikutoka. Akatangaza kwamba maji yale yana chokaa nyingi, kwa sababu kisima kimechimbwa katika mawe, na kwamba chokaa ikikutana na magadi na ulimbo hufanya utando unaonata kuliko ulimbo wenyewe. Sasa paa zima limefungwa mifereji, maji ya mvua yanakwenda tangini, ya tangini yanakwenda mapipani, na kisima cha babu kimefunikwa kwa bati na jiwe juu yake.

Mheshimiwa, maji ya kisima kile yameosha maiti wetu na yamewatia udhu maimamu watatu. Leo yanaambiwa hayafai kuosha mti. Nadai Yumna aombe radhi ukingoni mwa kisima, mbele ya mashahidi wawili, na aseme kwa sauti kubwa, kwa sababu babu ni wa siku nyingi.

5. Magogo yamewekwa eda. Zamani mfenesi ukianguka asubuhi, adhuhuri uko jikoni unachemka. Sasa gogo linamenywa gome, linalazwa chini ya banda la makuti, na haliguswi miezi mitatu, eti ulimbo wake ufe wenyewe kabla ya kupikwa. Nimelitazama jambo hili kwa pande zote na nimeona hakuna jina jingine isipokuwa eda. Na kama ni eda, tuifuate. Miezi mitatu ni mambo ya talaka, na mfenesi haukuachwa, umekufa. Kwa kifo ni miezi minne na siku kumi. Mzee Ridha amesimamisha suali zito zaidi: eda hukaliwa na aliyefiwa, sasa hapa mbona anakaa maiti? Tulimpelekea Yumna suali hilo kwa heshima zote. Akacheka mpaka akaziba uso kwa mtandio, na jibu hatujalipata.

Tena hata baada ya hiyo eda rojo halipewi nafasi. Linaoshwa mara mbili kwa maji moto yenye magadi, kisha linatiwa dawa likiwa bado na joto, kwa sababu Yumna anasema rojo likipoa katikati ya kazi ulimbo hupata ujasiri wa kutoka na kuganda. Yaani ulimbo unakatazwa hata kupumzika. Sisi tunalazimishwa kupumzika, ulimbo unanyimwa. Naomba mtu anieleze haki iko wapi.

6. La sita ni hili, na nakuomba ulisome taratibu.

Mtu hawezi kukwangua pipa dakika arubaini bila ya kusema kitu. Mzee Ridha, akiwa nje, huongea maneno kumi kwa siku, na manane ni kujibu salamu. Akiingiza kichwa katika pipa sauti yake humrudia vizuri katika lile sikio la kulia, basi husema. Katika pipa la tatu ndimo alimotueleza habari za binti yake aliye Maskati na asiyepiga simu. Hajawahi kuyasema hayo kwa Bi Mwatum, mkewe. Bi Mwanawema aligombana na dada yake kwa mpaka wa shamba, akatusimulia Alhamisi tisa mfululizo, ya kumi akajisikia mwenyewe alivyokuwa na makosa, akaenda kumwomba radhi. Yote hayo yalitoka na ulimbo. Kama si ulimbo tungekaa pale kwa kisingizio gani?

Na mimi pia. Sitaki kukaa nyumbani, Bi Nadhira. Nimelisema, basi. Nimewaona wanaume waliopewa mapumziko ya heshima. Mwezi wa kwanza wanahesabu kuku. Mwezi wa pili wanamfundisha mke kupika wali, mke ambaye amewapikia wali miaka arubaini. Mwezi wa tatu wanakaa barazani wanauliza kila anayepita anakwenda wapi, na wanaumia kwa sababu yeye anako anakokwenda. Kinachonitia hofu ni asubuhi ya Alhamisi nimeshavaa, nimeshafunga kitambaa, na sina pa kwenda.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, tunaomba yafuatayo:

(a) Pipa la nne litengwe liwe Pipa la Wazee. Lijazwe maji ya kisima cha babu na rojo la mfenesi mbichi, lisitiwe poda, liachwe lipoe kwa nafasi yake, ili ulimbo upate kutoka kwa wingi na sisi tupate cha kukwangua.

(b) Ulimbo tutakaoukwangua urudishwe ndani ya pipa hilo hilo, ili Alhamisi inayofuata usikosekane.

(c) Ikiwa watu watadai kwamba karatasi za pipa hilo hazifai kwa kazi yoyote, zitumiwe kuandikia barua za mapumziko ya heshima. Zitagandana ndani ya bahasha na hakuna mzee mwengine atakayeweza kuifungua yake.

(d) Ikiwa pipa zima ni kubwa mno, basi litolewe tangazo kwamba kila mwenye fenesi alilete kiwandani. Sisi watatu tutaila nyama yake tukatoa ulimbo kwa mkono. Ni kazi ngumu lakini tuko tayari, na Mzee Ridha ameshaanza mazoezi.

(e) Yumna apandishwe cheo. Apewe ofisi Unguja, feni, na mtu wa kumfungulia mlango. Hatumtakii baya lolote, wallahi. Tunamtakia makubwa, tena huko huko mbali, mahali ambapo hapana pipa.

Haya yakikubaliwa kabla ya Alhamisi, halua isirudishwe. Tutaila kwa furaha ya kubaki.

Nisalimie Seif lakini usimwambie kwa nini. Nisalimie watoto wote, na yule mjukuu mdogo aliyeota jino mwambie babu yake mkubwa amesikia. Fahmi akija kuchukua karatasi mpe salamu, mwambie sina kinyongo ikiwa na yeye hana. Ukipita Wesha msalimie Suhaib, na umwambie mara ya mwisho kwamba hakuna mtoto. Bi Shamima anakusalimia, na anauliza sufuria lake kubwa litarudi lini.

Wako kwa utii, kifuu kikiwa mkononi,

Mmanga Bakar (saini)
Mkwanguaji wa kwanza

Mzee Ridha (saini, baada ya kusomewa mara tatu)
Mkwanguaji wa pili

Bi Mwanawema (dole gumba; doa lililo pembeni yake ni mafuta)
Mshika mafuta

Nyongeza: Haya nayaandika baada ya wenzangu kutia saini wakenda zao. Yasome peke yako, kisha uichane sehemu hii.

Yumna hakuwa na habari ya namna ya kuushinda ulimbo. Alipokuja alijaribu mara saba, na mara saba pipa likaganda. Ulimwambia ya nane ikishindikana arudi kwao Chake, na ulikuwa na haki, kikundi kilikuwa kinapoteza wateja. Jioni ile nilimkuta kisimani anaosha chekecheke. Mikono yake ilikuwa imeganda kwa ulimbo mpaka vidole havifunguki, na analia bila ya kutoa sauti. Ni wa umri wa mjukuu wangu. Nikakaa, nikampaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja, na katika kumpaka mdomo ukanifunguka.

Nilimwambia kwamba marehemu baba, aliyekuwa akichonga vinu vya mfenesi, hakuligusa gogo mpaka limemenywa likakaa kivulini miezi mitatu. Nilimwambia kwamba mama hakuwahi kuoshea chombo chenye ulimbo maji ya kisima kile. Alingoja ya mvua, na babu mwenyewe akimwona na hasemi kitu. Nilimwambia kwamba sisi utotoni, tukienda kutega ndege, ulimbo wa akiba tuliuvingirisha katika vumbi jeupe usitushike mifukoni. Hayo ya kuosha kwa maji moto ni yake. Mengine aliyaandika, akayapima, akajaribu hiki kwa kiasi hiki na kile kwa kiasi kile, mpaka pipa likatoka safi. Mimi hayo nilikuwa nayo miaka sitini na sikupata kuyaweka pamoja. Niliishia kutia mafuta.

Nilimwapisha asimtajie mtu, kwa sababu ya Ridha na Mwanawema. Ulipomsifu kikaoni alinitazama, nami nikatazama dari. Kwa hiyo malalamiko ya kwanza mpaka ya sita yasomwe upya, na kila palipoandikwa Yumna pawekwe Mmanga. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na watu wawili wasio na hatia.

Jana alinifuata nyumbani. Anataka kujaribu matawi ya mikorosho, na hajui kwamba utomvu wa mkorosho unaunguza ngozi. Akaniuliza kama naweza kuja kila Alhamisi nikamweleza ninayoyajua, mimi na wenzangu, maana Bi Mwanawema kakulia shamba la mikorosho na Mzee Ridha ana makovu yake. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi ni mtu wa mapumziko ya heshima. Akaondoka ameinamisha kichwa, na tangu hapo sijala vizuri.

Mwambie tutakuja. Mimi naona haya.